Mguu wa Tatu wa Adapta

Soda kumi na tano. Nauli ya lori ya watu wawili, Kasulu hadi Kibondo, kwenda na kurudi. Plagi kumi na nne za miguu mitatu zilizoagizwa Kigoma. Jogoo mmoja wa kumtuliza mama mkwe. Na shati langu la ukweni lililochanwa na msumari wa bodi la lori. Hiyo ndiyo gharama yote niliyolipa mpaka nikamwelewa Fundi. Nimeihesabu mara mbili, na mara zote mbili naona nilipata kwa bei ya kutupa.

Mafundi Kasulu walikuwa wengi. Kulikuwa na wa baiskeli, wa redio, wa cherehani, na mmoja wa miavuli aliyefanya kazi masika tu. Lakini ukisema "Fundi" bila kuongeza neno, watu walijua ni yule mzee wa meza ya kijani nyuma ya soko. Naye, kati ya mafundi wote, ndiye pekee ambaye hakutengeneza kitu. Alipima. Ulimpelekea pasi, birika la umeme, jiko la koili au feni, naye akakuambia kama ni salama kukichomeka ukutani au si salama. Basi. Ukitaka kitengenezwe, alikuelekeza kwa mwingine, kisha urudi upimiwe tena, na ulipe tena.

Bei yake ilikuwa soda moja kwa chombo kimoja. Soda yenyewe au thamani yake, upendavyo. Mimi, ambaye nimewahi kushusha bei ya jeneza, sikuwahi kumshusha. Siku ya kwanza nilimpelekea pasi, akaizungusha, akaigusagusa kwa nyaya zake, akasema, "Hapana."

"Hapana nini?"

"Usiichomeke. Soda moja."

"Mzee, nilipe soda kwa kuambiwa hapana? Ungesema ndiyo ningekupa mbili."

"Umva," akasema. Hilo ni neno la nyumbani, maana yake sikiliza, na akilitamka ujue umeshindwa. "Ndiyo kila mtu anaitaka, hata mwenye mnada anakupa bure. Hapana unaipata hapa tu. Ningekuwa mfanyabiashara kama wewe, ningeitoza zaidi."

Nikalipa. Tangu siku ile nikawa namtembelea hata nisipokuwa na cha kupima, kwa sababu mtu asiyeshuka bei ni mtu wa kuchunguzwa.

Miaka hiyo ya tisini umeme wetu, Kasulu na Kibondo, ulikuwa wa jenereta: ya misheni, ya hospitali, za mashirika yaliyohudumia kambi za wakimbizi, na za wenye maduka waliowavutia majirani waya. Mashirika yalikuja na vyombo vya Ulaya, vyenye plagi za miguu miwili ya mviringo. Soketi zetu ni za matundu matatu bapa. Shirika likifunga kazi na kuondoka, vyombo vilibaki mnadani, na sisi tukabaki na miguu isiyoingia matunduni.

Watu wetu hawakushindwa. Soketi ya matundu matatu ina kifuniko ndani. Tundu la juu likiingizwa kitu, matundu mawili ya chini yanafunguka. Nani aligundua sijui, lakini mji mzima ulijua: chomeka kijiti cha kiberiti tundu la juu, sukuma plagi ya mviringo chini, chai inachemka. Fundi akiingia nyumba yenye umeme, kabla ya kujibu salamu, macho yake yalikwenda ukutani. Akikuta kijiti, alikichomoa. Hakugomba. Alikitia mfukoni, na kikifika nyumbani kwake kilitiwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Siku moja aliniruhusu kulimwaga kopo lile mezani. Nilihesabu vitu sitini na tatu, kisha nikahesabu tena, sitini na tatu: vijiti, kalamu, mwiba wa mchongoma, mfupa wa kuku, mpini wa mswaki, na jino moja la kitana.

"Huu mfupa wa nani?"

"Wa kuku."

"Najua wa kuku. Ulikuwa kwa nani?"

"Kwa mtu mwenye degrii," akasema, na hakunitajia jina mpaka leo.

Akinieleza, alichora kwa chaki juu ya meza. Matundu mawili ya chini ndiyo yanayoleta umeme na kuurudisha. La juu ni la ardhi. Ndani ya chombo cha chuma kuna waya wa kijani na njano unaoshika bodi la chombo na kulipeleka tundu la juu, kutoka hapo hadi fimbo ya shaba iliyochimbiwa nje. Chombo kikiharibika ndani, umeme ukashika bodi, unakimbilia ardhini kwa waya ule na fyuzi inakatika. "Usipokuwepo waya," akasema, "umeme unangoja. Unamngoja mwenye mkono." Kisha akafuta chaki kwa kiganja kana kwamba amesema jambo la kawaida.

Zana zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa globu ya tochi, betri mbili kubwa za redio, na nyaya mbili zenye misumari nchani. Msumari mmoja kwenye bodi la chombo, mwingine kwenye mguu wa ardhi wa plagi: globu ikiwaka, njia ipo. Ya pili ilikuwa kisanduku cheusi chenye mkono wa kuzungusha, alichoachiwa na bruda mmoja wa misheni. Hicho ukikizungusha kinasukuma umeme mkali ndani ya chombo kuona kama unavujia kwenye bodi, na sindano inasema. Siku za gulio watu walisimama safu tatu kumwangalia akizungusha. Mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye watoto, moyo ulinidunda kila sindano ilipopanda. Sijaona mpira wa miguu ulioninyanyua vile.

Alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka ikachosha. Ukimletea chombo cha plagi ya mviringo, aliuliza, "Na ndugu yake?" Maana yake adapta, ile ya kuipa plagi ya mviringo miguu ya soketi zetu. Ukisema umeiacha nyumbani, alikurudisha, hata uwe umetoka Nyakitonto kwa baiskeli. "Vinavyokwenda pamoja ukutani vinapimwa pamoja mezani." Vikifaulu, alitoa kichupa cha rangi nyekundu ya kucha na kuweka nukta moja pale plagi inapokutana na adapta, nusu ya nukta huku na nusu kule. Ukibadilisha adapta, nukta hailingani, na wewe mwenyewe unajua umefanya uhuni. Rangi ile aliinunua mwenyewe dukani, na wanawake wa soko walimtania kwamba ana mchumba. Naye alijibu kwamba anao arobaini, wote wa chuma.

Mambo yake mengine sikuyaelewa. Kwake hakukuwa na umeme. Alinyoosha kanzu yake ya kanisani, maana alikuwa mwanakwaya, kwa pasi ya mkaa. Nilipomuuliza akasema ile ya mkaa huwezi kuidanganya. Radi ikipiga, aliingia chini ya meza ya kijani bila aibu, na wateja wakasubiri. Na alikuwa na mteja mmoja kutoka Titye, mkulima wa maharage, mwenye pasi ya mnada. Titye haikuwa na hata jenereta. Mzee yule alikuja kila mwaka baada ya mavuno na pasi yake imefungwa kwenye khanga, kwa sababu aliambiwa nukta ni ya mwaka mmoja. Pasi haikuwa imechomekwa popote tangu nukta iliyopita. Fundi aliipima yote, globu na kisanduku, akaifuta nukta ya zamani, akaweka mpya, akachukua soda yake.

"Mzee, unamla bure yule," nikamwambia.

"Siku umeme ukifika Titye, nani atakuwa tayari?"

 

Sasa mabirika. Shirika moja Kibondo lilifunga, nikaenda mnadani, nikabishana na dalali tangu asubuhi mpaka akaomba maji. Nikaondoka na mabirika kumi na tano ya chuma kinachong'aa, plagi za mviringo, na adapta kumi na tano mfuko mmoja. Adapta nilizikagua mwenyewe. Za miguu miwili nilishajifunza kuzikimbia. Hizi zilikuwa na miguu mitatu, kila moja. Nilihesabu miguu arobaini na mitano, kisha nikahesabu tena.

Na ni lazima mjue kwa nini sikukata zile plagi nikafunga za kwetu. Mteja wetu alitaka plagi ya mviringo ambayo haijakatwa. Hiyo ndiyo ilikuwa cheti. Plagi haijakatwa: birika limetoka nyumba ya mzungu moja kwa moja. Imekatwa: kuna fundi ameshaingiza mikono, na bei inashuka nusu. Nimewaona watu wakinunua birika bovu lenye plagi nzima na kuliacha zima lenye plagi mpya.

Birika la kwanza, pamoja na adapta yake, nililitoa palepale Kibondo, zawadi kwa mama mkwe. Alikuwa muuza chai na maandazi nyuma ya duka la Hajji mmoja mwenye jenereta, naye Hajji alimvutia waya. Tangu nimwoe binti yake hakuwahi kuniita mkwe. Aliniita "yule wa Kasulu". Alipolishika birika, akaligeuza, akaiona plagi nzima, akasema, "Mkwe wangu." Nilikaribia kulia. Akasema hatalitumia kienyeji. Jumamosi, Hajji akiwasha jenereta saa kumi na mbili jioni, atawaita majirani walione likichemka.

Jumamosi hiyo asubuhi ndipo nilipompelekea Fundi yale kumi na manne. Nilitaka nukta kumi na nne tu niondoke zangu. Akapima birika la kwanza, kwenye bodi na kwenye kibati cha ardhi kilicho ubavuni mwa plagi ya Ulaya: globu ikawaka, safi. Akaunganisha na adapta, akaweka msumari kwenye bodi la birika na mwingine kwenye mguu wa juu wa adapta. Giza. La pili, giza. La tatu, la nne. Nikamwambia betri zimekufa. Akagusanisha misumari, globu ikanitolea macho.

Akachukua kisu, akakwangua mguu wa juu wa adapta. Kikatoka kijinyuzi cheusi, kimejikunja kama ganda la kiazi.

"Plastiki," akasema. "Mguu huu kazi yake ni kufungua kifuniko cha soketi tu. Ni kijiti cha kiberiti kilichovaa suti."

"Lakini nilihesabu mitatu. Mara mbili."

"Ulihesabu vizuri. Hukuuliza wa tatu anafanya kazi gani."

Akatoa kisanduku cheusi, akazungusha, birika baada ya birika. Kumi na tatu yalikuwa mazima. Katika la kumi na nne sindano ikaanguka chini: linavuja. Birika lile likiwa na adapta ile, bodi lake lingekuwa na umeme na hakuna wa kuusaidia kushuka.

"Ulisema kumi na tano," Fundi akasema.

Nikamwambia la kumi na tano liko wapi, na lini litachemshwa. Nikamwambia jiko la mama mkwe sakafu yake ni udongo, maji yanamwagika siku nzima, na yeye hajawahi kuvaa kiatu jikoni. Simu ilikuwa posta tu, na Hajji hakuwa nayo. Fundi alikuwa ameshaanza kufunga zana kwenye gunia.

"Lile linaweza kuwa zima," nikasema.

"Linaweza. Sijalipima."

Lori la mahindi liliondoka saa nne. Ningewaeleza barabara ile, lakini nilikuwa nimekaa juu ya magunia nikihesabu: daraja, kituo cha kupakia mkaa, pancha ya kwanza, pancha ya pili. Mungu anisamehe, pancha nazo nilizihesabu mara mbili. Fundi alikuwa amepakata kisanduku chake kama mtoto mchanga. Kwenye pancha ya pili tulishuka kusukuma, shati likachanika, naye akacheka mpaka akashika bodi. "Mkwe anakwenda ukweni mgongo wazi." Nikacheka pia. Sijui niliwezaje. 

Kibondo tuliingia jua likiwa limeelemea. Nyuma ya duka la Hajji majirani walikuwa wameshakaa, wameletewa viti. Jenereta ikakohoa mara moja, ikazima. Hajji akavuta kamba tena. Kwetu mkwe wa kiume haingii jikoni kwa mama mkwe, hata paa liwake. Nikasimama uani, nikaita, "Mama, subiri. Nimemleta mtu."

Jenereta ikawaka. Taa zikapanda. Kutoka ndani sauti ikaja, "Nani huyo anayenisubirisha na wageni wangu?"

Fundi hakuwa mkwe wa mtu. Aliingia. Nikasikia akisalimia, "Mwakeye, mama," kisha kishindo cha kiti, kisha mama mkwe, "Baba, unachomoa kitu changu?"

"Nimechomoa tayari. Hukuwa umewasha. Umefanya vema."

"Amekutuma yule? Amenipa mbele za watu, anakuja kuninyang'anya mbele za watu?"

Majirani wakaguna. Mimi uani, mgongo wazi, nikatamani ardhi ifanye kazi yake kwangu kwanza. Fundi akalitoa birika nje, akaliweka juu ya kigoda katikati ya wageni, na mama mkwe akatoka nyuma yake, mikono kiunoni, miguu mitupu na matope vidoleni. Fundi akampa msumari mmoja aushike yeye mwenyewe. Birika peke yake: globu ikawaka, wageni wakasema aah. Birika na adapta: giza. Akamwambia arudie. Mama mkwe akarudia mara tatu. Kisha Fundi akazungusha kisanduku, watu wakasogeza viti. Sindano ikapanda juu kabisa, ikatulia.

"Maana yake?"

"Birika ni zima."

"Basi mmenivunjia sherehe bure."

"Leo ni zima," Fundi akasema. "Waya wa ardhi si wa leo, mama. Ni wa siku litakapoharibika, na siku hiyo halitakuambia. Nataka nikate hii plagi, nifunge ya miguu mitatu ya kweli."

Alikuwa nayo moja tu katika gunia zima, ameitoa kwenye feni yake ya majaribio. Mama mkwe akalikumbatia birika. "Ukikata, nani atajua limetoka Ulaya?"

Nilikuwa na hoja kumi na mbili za biashara. Sikutoa hata moja. Fundi akafikiri, akatazama wageni, akasema, "Nitakata, na plagi yako nitakurudishia. Tutaifunga kwenye mpini kwa uzi. Kila atakayekuja ataiona kabla ya kuona chai."

Mama mkwe akawatazama majirani. Majirani wakatikisa vichwa kukubali. Akaliachia birika.

Fundi akakata, akafunga, akapima, globu ikawaka. Akaenda kwenye soketi, akaipima hadi kwenye fimbo ya shaba ya Hajji, akamwaga ndoo ya maji pale fimbo ilipoingia kwa sababu ardhi ya kiangazi ni kavu mno, akamwambia Hajji amwage kila wiki. Kisha akarudisha birika, na maji yakachemka huku watu wakipiga makofi kana kwamba ni timu. Plagi ya mviringo ilining'inia kwenye mpini kama hirizi. Jogoo nilimnunua kesho yake.

Yale mabirika mengine kumi na matatu niliyauza hivyohivyo, plagi mpya chini, plagi ya zamani kwenye mpini, na plagi mpya ya kumi na nne nikamrudishia Fundi. Mwezi wa pili wateja walikuwa wakikataa birika lisilo na plagi kwenye mpini. Lile linalovuja Fundi alilitoboa kitako mbele yangu, na akanitoza soda.

Baada ya miezi minane mama mkwe alimpa dereva wa lori birika na ujumbe: birika lako limekufa, fyuzi imekatika tukiwa tunamimina, niletee jingine. Nikampelekea Fundi. Akazungusha kisanduku, sindano ikaanguka chini. Umeme ulikuwa umeshika bodi, ukakimbilia ardhini, ukakata fyuzi njiani. Kisha akaifungua uzi ile plagi ya Ulaya, akaitia kwenye kopo la vijiti. Kitu cha sitini na nne.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwishoni mwa miaka ile. Macho yalikuwa yamemwondoka polepole. Alipima kwa kuzungusha, mtu mwingine akasoma sindano, na wateja walikuwa wamepungua, kwa kuwa hakuna aliyemwamini msomaji. Alinikuta dukani kwangu, gunia begani, akakaa bila kukaribishwa. Akatoa pasi mpya ya chuma, plagi ya mviringo haijakatwa, na adapta ya miguu mitatu. Niliigonga kwa ukucha: ya chuma kweli, yote.

"Binti yangu ameniletea kutoka Dar," akasema. "Nimevutiwa waya kwa jirani. Anakuja Jumapili, anataka anione nimenyoosha kanzu kwa hii. Anasema ile ya mkaa ni aibu."

Akapanga globu na betri kwenye kaunta kwa kupapasa, msumari kwenye bodi, msumari kwenye mguu wa juu. "Taa inawaka?"

Ilikuwa inawaka. Nikataka kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimeshakaa naye sana. Nikauchukua waya pale unapoingia kwenye pasi, nikaukunja kidogo, kama unavyokunjika mtu akinyoosha nguo. Globu ikazima. Nikaunyoosha, ikawaka. Nikakunja tena, ikazima: waya wa ardhi ulikuwa umekatika ndani.

Hakuona, lakini alisikia waya ukikwaruza kaunta.

"Umehesabu mara mbili," akasema.

"Mara mbili, mzee."

Akaipapasa pasi mpaka akaipata plagi, akaishika kiganjani kama vile mama mkwe alivyolishika birika. Kisha akanisogezea chupa ya soda aliyokuja nayo, ikiwa bado na kifuniko, malipo ya hapana yangu.

"Waya mpya hapa haupatikani mpaka Kigoma, na Jumapili ni keshokutwa. Naweza kuinyoosha kanzu bila kukunja waya, taratibu, mara moja tu, anione. Wewe ndiye mwenye macho. Nishauri: nimwambie nini mwanangu?"